Faili iko ku seva ao haiko? Namna ya kuhakikisha mbele ya kutia kidole



Kuko neno moja ambalo siku hizi tunalisikia karibu mu kila mkutano: «Hati iko ku site, muende mutaikuta.» Anayelisema anaweza kuwa mtumishi wa kampuni ya madini, ao wa serikali, ao wa shirika la msaada. Hata sisi waagronomi tunalisema. Hati yenyewe inaweza kuwa orodha ya mashamba yatakayolipwa, kaye de sharje ya kampuni na vijiji, ramani ya permi, ao mufano wa sheria za ndani za koperative. Neno hilo likisemwa, watu wanapiga makofi, kiti kinarudishwa ndani, mkutano umekwisha. Siku ya pili hakuna aliyeenda kuangalia. Wiki tatu nyuma, mtu anakuja na karatasi na wino, watu watie kidole.

Mu namba hii tunataka kufundishana kazi ndogo sana: kuuliza mashini iliyo mbali kama faili fulani iko kwake ao haiko. Inaomba simu ao ordinatere, mega kidogo tu, na dakika tano. Haiombi diplome.

Kwa nini jambo hili ni la mkulima

Mu Lualaba shamba na mgodi vinalala ku udongo mmoja. Karibu na Kolwezi kuko madini yanayoitwa Mashamba, na si kwa bahati kwamba jina hilo linatugusa sisi tunaolima. Madini ya Dikuluwe na Mashamba Ouest njo yalipewa Sicomines, kampuni iliyozaliwa ku mkataba wa mwaka 2008 kati ya Gécamines na makampuni ya China. Mkataba huo ulibadilishwa mara kadhaa, na mara nyingine tena mu mwezi wa 3 mwaka 2024. Kwa hiyo mtu akikuambia «mkataba uko ku intaneti», ulizo la kwanza ni: uko kweli? La pili: ni wa mwaka gani?

Sheria iko upande wetu. Dekre namba 011/26 ya tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2011 inaomba kila mkataba juu ya utajiri wa asili utangazwe mbele ya siku 60 kuisha, mu Gazeti la Serikali na ku site ya ministere. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyosahihishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inaomba kampuni inayochimba itie sahihi ku kaye de sharje pamoja na vijiji vinavyoguswa na kazi yake, na itoe kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji hivyo. Tena inaomba mwenye shamba alipwe kama kazi ya mgodi inaharibu ao inachukua shamba lake. Na sisi wenyewe, kama koperative, tunaongozwa na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, ambayo inafanya kazi mu inchi yetu tangu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012.

Hati hizi zote ni faili zinazowekwa ku mashini fulani. Mwenye kujua kuziuliza anaingia mu mkutano akiwa na karatasi mukononi. Mwenye kutojua anaingia na masikio tu.

Seva ni depo, adrese ni namba ya rafu

Tuchukue depo ya koperative. Ndani muko mifuko ya mihindi, kila loti ku rafu yake. Ku mlango anakaa mwenye kulinda depo na fishi yake ya stoku. Seva ni depo ya namna hiyo, ila inaweka faili mu nafasi ya mifuko, na inaweza kuwa Kinshasa, Ulaya ao Marekani. Adrese ya faili ni kama kusema: depo fulani, chumba fulani, rafu fulani, loti fulani. Mufano wa kujifunza tu, musiutafute:

https://www.mfano.cd/hati/2024/kaye-de-sharje.pdf

«www.mfano.cd» ni jina la depo. «hati/2024» ni chumba na rafu. «kaye-de-sharje.pdf» ni mfuko wenyewe.

Sasa, ukitaka kujua kama loti iko, una njia mbili. Ya kwanza: unaomba mfuko wote utolewe inje, ubebwe mpaka kwako, ndipo unasema «kumbe iko». Njo tunavyofanya tukifungua faili ku simu: mega zinakwenda, na mara nyingi rezo inakatika katikati. Ya pili: unamuuliza mwenye depo asome fishi tu. «Loti hii iko? Ina uzito gani? Iliingia lini?» Anakujibu, na hakuna mfuko uliosogea.

Mu lugha ya mashini, njia ya kwanza inaitwa GET na ya pili HEAD. HEAD si kitu kipya, ilikuwa tayari mu kanuni za HTTP zilizoandikwa mwaka 1996. Kwa mkulima anayenunua mega kidogo kidogo, ni dawa nzuri: unajua habari ya faili nzito bila kuilipia.

Namna ya kuuliza

Ku ordinatere ya koperative, ao ya mtoto anayesoma, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Windows 10, tangu mwaka 2018, inakuja na programu ndogo inayoitwa curl. Linux na Mac zinayo pia. Andika:

curl -I https://www.mfano.cd/hati/2024/kaye-de-sharje.pdf

Herufi hiyo ni I kubwa. Kama uko ku Windows na amri inakataa, andika curl.exe mu nafasi ya curl. Jibu litafanana na hili:

HTTP/1.1 200 OK
Content-Type: application/pdf
Content-Length: 18874368
Last-Modified: Tue, 12 Mar 2024 09:15:00 GMT

Mistari minne hii njo fishi ya stoku. Wa kwanza unasema faili iko. Wa pili unasema ni ya aina gani: hapa ni PDF, hati ya kusoma. Wa tatu ni uzito: 18874368 ni karibu mega 18, kwa hiyo unajua mbele ya wakati kama forfe yako itatosha. Wa nne ni tarehe faili iliguswa mara ya mwisho ku seva. Kama wanakuambia hati ilirekebishwa mwezi uliopita na fishi inaonyesha mwaka juzi, una ulizo la kupeleka ku mkutano. Lakini angalisho: seva zingine hazionyeshi uzito ao tarehe. Kukosa mistari hiyo si alama ya udanganyifu.

Wenye simu peke yake wafungue adrese mu navigatere na kusoma vizuri kinachoandikwa. Kama faili inaanza kushuka, angalia jina lake na uzito wake, kisha unaweza kuisimamisha mbele mega hazijaisha. Si safi kama HEAD, lakini inasaidia.

Namba za jibu na maana yake

Seva inajibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba ikianza na 2, mambo ni sawa. Ikianza na 3, wanakutuma mahali pengine. Ikianza na 4, seva inaona kasoro iko mu ulizo lako. Ikianza na 5, kasoro iko kwa seva yenyewe. Tuziangalie zile mutakazokutana nazo mara nyingi.

200: iko. Lakini soma sehemu ya mutego hapa chini mbele ya kufurahi.

301 ao 302: imehamishwa. Seva inatoa adrese mpya ku mstari unaoanza na Location. Ongeza -L mu amri (curl -I -L) na itafuata yenyewe.

403: mlango umefungwa. Mara nyingi faili iko lakini hawakuruhusu kuiona. Seva zingine zinajibu hivyo hata kama faili haiko. Kwa hati ambayo sheria inaomba itangazwe, 403 ni sababu ya kuandika barua.

404: haikupatikana ku adrese hiyo. Angalia maneno: «ku adrese hiyo». Haisemi kama hati haikuwako hata siku moja.

405: seva haikubali namna hii ya kuuliza. Haimaanishi faili haiko. Uliza kwa njia ya kawaida.

410: ilikuwa hapa, imeondolewa, na wenyewe wanakubali kama wameiondoa. Ni namba ya nadra, lakini ukiiona, iandike.

500 ao 503: seva ni mgonjwa ao imelemewa. Hapa huwezi kusema iko ao haiko. Rudi kesho.

Hakuna jibu kabisa: labda rezo yako imekatika, labda umeme umekatika kwao, labda jina la depo liliandikwa vibaya. Jaribu adrese ingine unayoijua vizuri. Kama nayo haifunguki, kasoro iko kwako.

Adrese iliyokatika mu njia

Kosa tunalolikuta zaidi mu vijiji linatoka ku WhatsApp. Watu wa ofisi wanapenda kuita faili kwa Kifaransa, wakiacha nafasi kati ya maneno na kuweka aksa: «Liste des champs indemnisés version finale.pdf». Ukituma adrese ya namna hiyo mu mesaje, simu inaweza kuikata ku nafasi ya kwanza. Anayebonyeza anatuma nusu ya adrese, seva inajibu 404, na kijiji kinasema: «Walitudanganya.»

Mu koperative moja ya upande wa Lubudi jambo hilo lilifika mbali. Vijana walikuwa tayari kwenda kufunga barabara juu ya 404 moja. Sekretere wa koperative, mama mwenye subira, aliomba mesaje ya kwanza kabisa, akanakili adrese yote mpaka ku «.pdf», akaweka %20 mahali pa kila nafasi. Jibu likawa 200. Faili ilikuwako tangu mwanzo. Wakaichapisha, wakasoma mstari kwa mstari, wakakuta mashamba ya wamemba sita hayakuandikwa.

Munaona sasa? Kama wangefunga barabara, wangegombana juu ya faili iliyokuwako, na wale sita wangepotea mu kelele. Kwa sababu walisoma, waliandika malalamiko mbele ya tarehe ya mwisho, na majina na namba ya ukurasa. Mashamba mane yalipimwa upya. Mawili bado yanangoja, na koperative inaendelea kuyafuata.

Kwa hiyo mbele ya kusema «haiko», angalieni haya:

Adrese iwe nzima, kuanzia https mpaka mwisho. Nafasi iandikwe %20. Nukta ao mabano yaliyobandikwa ku mwisho wa mesaje yatolewe. Herufi kubwa na ndogo zifuatwe kama zilivyo, juu ku seva nyingi «Orodha.pdf» na «orodha.pdf» ni faili mbili tofauti. Na adrese isiandikwe kwa kukumbuka, inakiliwe.

Mutego wa 200

Kuko seva zenye adabu ya uongo. Unauliza faili isiyokuwako, na mu nafasi ya kusema 404 inakupa ukurasa mzuri wenye picha na maneno «samahani, hatukuipata», huku juu imeandika 200. Zingine zinakurudisha ku ukurasa wa kwanza wa site, nao pia unajibu 200. Mashini inasema iko, kumbe umepewa kikapu kitupu.

Dawa ni mistari ya pili na ya tatu. Kama uliomba PDF na Content-Type inasema text/html, haukupewa hati, ulipewa ukurasa wa site. Kama hati ya kurasa mia moja ina uzito wa elfu chache tu, kuna jambo. Mbinu ingine: uliza kwa makusudi faili ya kubuni ku seva ileile, kwa mufano «bukari-na-sombe.pdf». Kama na hiyo inajibu 200, basi 200 ya seva hiyo haina bei.

Tena, kama forfe yako imeisha, kampuni ya simu inaweza kukujibu yenyewe kwa ukurasa wa kukuomba ununue mega. Hapo haujafika hata ku mlango wa depo.

Kuwako si kuwa kweli

Tuseme jambo hili wazi, juu watu wanalichanganya. Faili kuwa ku seva hakuonyeshi kama ni hati ya kweli. Mtu yeyote anaweza kupanga depo na kuweka ndani karatasi anayotaka. Angalia mwenye depo ni nani. Adrese zinazoishia «.cd» ni za inchi yetu, na zile za «gouv.cd» ni za serikali. Soma jina lote, juu walaghai wanapenda majina yanayofanana. Adrese inayokuomba namba ya kadi ya uchaguzi ao code ya pesa ya simu ili «upate engrais ya bure» usiijibu, hata kama inafunguka haraka sana.

Na kutokuwako ku seva hakuonyeshi kama hati haiko duniani. Labda iko ofisini ku karatasi. Kwa hiyo 404 ni mwanzo wa kuuliza, si hukumu.

Kama faili ilikuwako na imeondolewa, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, ku web.archive.org. Ni depo kubwa inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, na watu wote wanaweza kuifungua tangu mwaka 2001. Unabandika adrese, inakuonyesha tarehe ambazo ilipita kuchukua nakala. Haina kila kitu, lakini mara nyingine ina kile ambacho mwenyewe alitaka kisahauliwe. Unaweza pia kuiomba ihifadhi ukurasa leo, mbele haujaondolewa. Kwa mikataba ya madini, angalieni pia resourcecontracts.org, mahali ambapo mikataba mingi ya Kongo imekusanywa.

Kazi ya koperative wiki hii

Chagueni watu wawili, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, na angalau mmoja awe mwanamke. Wawe walinzi wa hati, sawa vile tuna walinzi wa depo. Wafungue kaye moja na kupiga mistari: tarehe na saa ya kuuliza, adrese nzima, namba ya jibu, aina ya faili, uzito, tarehe ya faili, jina la aliyeuliza.

Kila mara mtu anaposema mu mkutano «iko ku site», mlinzi asimame na aombe kwa heshima: «Baba, tunaomba utuandikie adrese nzima hapa mu kaye.» Mwenye kusema kweli hatakasirika. Kisha waulize siku ileile, na waulize tena kisha wiki moja. Kama ni 200 ya kweli, faili ishushwe mara moja tu, ku simu moja, halafu igawanywe kwa Bluetooth bila kula mega za wengine. Ichapishwe, isomwe kwa sauti mu Kiswahili, mu Kilunda, mu Kisanga, mu kila lugha ambayo wazee wanaisikia. Kama ni 404 kisha kuangalia adrese vizuri, koperative iandike barua ikitaja adrese, tarehe na namba ya jibu, na nakala ibaki mu kaye. Barua inayosema «tarehe fulani, saa fulani, adrese hii ilijibu 404» ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu.

Mbegu hatuzipandi mbele ya kuzijaribu: tunaweka mia moja ku kitambaa chenye maji, tunahesabu ngapi zimeota, ndipo tunalima. Hati nayo ijaribiwe vivyo hivyo mbele ya kutiwa kidole. Wakija na karatasi na wino, mlinzi afungue kaye kwanza, na wamemba waone nini kimeandikwa ku mstari wa mwisho.